Taya limevimba: je, nimemrithisha mwanangu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka sita amevimba taya, meno yanalegea. Hospitali ya Bugando wamesema ni saratani ya Burkitt, wakataja jeni ya MYC. Ameirithi kwangu? – Mama, Usagara, Mwanza

JIBU: Hapana, mama. MYC sote tunayo. Huamuru seli zigawanyike. Kwa mwanao, katika seli moja ya kinga, kipande cha kromosomu ya 8, inayobeba MYC, kilikatika kikahamia kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na MYC ikakosa wa kuizima. Malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr huchangia, ndiyo maana Kanda ya Ziwa tunaiona sana saratani hii. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa Uganda. Hukua upesi mno, lakini husikia dawa. Uvimbe ukinywea, msikatishe matibabu.