Mtoto Achague Nguo Zake, Wewe Chagua Kabati

Kazi kubwa ya kumfundisha mtoto kuchagua nguo hufanyika kabatini, yeye akiwa hayupo. Wazazi wengi tunamfungulia mtoto kabati zima, tunamuuliza, "Leo unavaa nini?", halafu akitoka na gauni la sikukuu kwenda kuchezea mchanga tunamvua. Hapo hajajifunza kujiamini. Amejifunza kwamba kuulizwa kwake ni danganya toto.

Kwangu hapa Dar es Salaam nilianza kwa kutenganisha nguo za kushindia na za kutokea. Za kutokea zinakaa juu, zinashuka siku zake. Za kushindia zipo kwenye kapu la chini, mkono wa mtoto unafika. Humo sitii inayombana, wala sweta zito wakati wa joto la Januari. Hapana zangu zote nimeshazisema wakati wa kupanga kapu, kwa hiyo asubuhi sina la kukataa. Akichanganya mistari na maua, twende.

Wa miaka miwili kapu litamchanganya. Mshikie fulana mbili, ya kijani na ya njano, umuulize anataka ipi, na akinyoosha kidole mvalishe hiyo hiyo. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliutaja umri huu, takriban mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, kuwa ndio mtoto anapopigania kujiamulia. Akizuiwa na kuaibishwa kila mara, hubaki na haya na kujitilia shaka. Mzazi yeyote aliyesikia "mwenyewe!" ikipigiwa kelele mlangoni hahitaji kitabu kumthibitishia.

Kuchagua kuendane na kuvaa. Suruali ya mpira kiunoni, vifungo vikubwa, viatu vya kubandika badala ya vya kamba: mtoto anayeweza kujivalisha alichokichagua ndiye anayetembea kifua mbele. Na muda upatikane, kwa hiyo kwetu nguo huchaguliwa jioni, baada ya kuoga.

Siku za shule sare imeshaamua kila kitu hadi rangi ya soksi. Basi mwachie chupi, begi, chupa ya maji, na nguo ya kubadilisha akirudi.

Lakini shule hasa ya jambo hili ni sokoni. Mwanangu mkubwa huwa naenda naye kwenye mitumba ya Karume, Ilala, nikimpa hela yake mkononi kabla hatujaingia. Bajeti ni yangu, nguo ni yake. Nimemwonyesha namna ya kukagua: apandishe na kushusha zipu, atazame kwapani, avute mshono wa katikati ya miguu, ainue nguo juani aone kama ina madoa au imepauka. Kisha aulize bei mwenyewe. Mara nyingi muuzaji ananitazama mimi, nami natazama pembeni. "Anko, punguza kidogo," inaanza kwa sauti ya chini, na ukiwa mvumilivu utaisikia ikipanda. Siku akiinunua suruali nzuri kwa bei aliyoipigania mwenyewe, ataitunza kuliko yoyote uliyomletea wewe. Akinunua mbovu, ataivaa hivyo hivyo, na usimnunulie nyingine ya kufuta machozi.

Kwa fundi cherehani ni vivyo hivyo. Mwombe fundi azungumze na mtoto, si na wewe. Binti yangu alitaka gauni la kitenge lenye mifuko, fundi akashangaa mtoto wa kike na mifuko wapi na wapi. Mifuko ikawekwa, miwili, na sasa haikosi kokoto.

Yapo yasiyo na mjadala. Msibani na kwenye ibada nachagua mimi aina ya nguo, yeye anachagua ipi kati ya zinazofaa, na sababu naisema mapema. Mvua ikinyesha koti linavaliwa. Kwa sweta siku za kibaridi cha Julai sigombani: nalitia kwenye mkoba, akisikia baridi ataliomba. Akiliomba, mpe kimya kimya. "Si nilikuambia?" inaharibu kazi yote ya asubuhi.

Sifa nazo zina namna yake. Nikisema "umependeza" kila siku, mtoto ataanza kuvaa kwa ajili ya macho yangu. Nasema ninachokiona: "Leo umetafuta soksi zinazofanana na fulana." Au namuuliza kwa nini amechagua hiyo. Majibu mengine ni ya ajabu sana, na hayahitaji kusahihishwa.

Kikwazo kikubwa huwa ni sisi watu wazima. Bibi yao alikuja akauliza, "Mwanangu, huyu mtoto amevaa nini?" Nikamjibu kwa adabu, "Mama, muulize mwenyewe, shikamoo zako anazo." Mtoto akaamkia, akaeleza gauni juu ya suruali na sababu zake zote, na bibi akasikiliza hadi mwisho.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja: mtoto akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, msimpige picha mkairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa kumcheka. Akiuona mguu unamuuma, atabadilisha.