Dalili za Dhuluma kwa Mtoto wa Chekechea

Mtoto wa miaka 4 au 5 anayesoma PP1 au PP2 pale Nyamasaria huenda hana maneno ya kueleza aliyotendewa. Lakini mwili na mienendo yake hueleza, na mara nyingi mwalimu ndiye hutambua kwanza.

Dalili za mwilini
Mtoto mchezaji huumia magoti, viwiko na paji la uso. Michubuko mgongoni, mapajani au masikioni, alama za waya au za kuchomwa, na maumivu anapoketi au kwenda haja, zinahitaji maelezo.

Dalili za mienendo
Mtoto mchangamfu hunyamaza ghafla. Aliyeacha kujikojolea huanza tena. Mwingine hulia saa ya kwenda nyumbani, humwogopa mtu mmoja, au huigiza mambo ya ngono yasiyolingana na umri wake.

Dalili moja si ushahidi. Kujikojolea kunaweza kuletwa na ugonjwa, au na familia kuhamishwa na mafuriko. Kwa hivyo mwalimu aandike tarehe, alichokiona, na maneno ya mtoto jinsi yalivyotamkwa.

Kuzungumza na mtoto
Mwalimu akae naye mahali tulivu na kusema, "Niambie kilichotokea." Asiulize, "Ni mjomba aliyekuchapa?" kwa kuwa mtoto mdogo hukubali jina analopewa. Asimwahidi kuweka siri, wala asimwite mshukiwa shuleni.

Pa kuripoti
Piga 116, bila malipo, usiku na mchana. Unaweza pia kumwona afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au kwenda kituo cha polisi. Dhuluma ikiwa ya kingono, mtoto afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia HIV. Asioshwe. Nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu huhudumia waathiriwa hao.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku viboko shuleni. Unajisi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Haumalizwi kwa kikao cha ukoo wala kwa ng'ombe wa fidia. Familia zikipatana, mtoto hubaki akiishi karibu na aliyemdhulumu.