GOROGORO ILIYOBONYEZWA
Somo kutoka kwa Nabii Amosi



Wapendwa wanakikundi, kabla ya kuanza, mmoja wenu asome kwa sauti Amosi 8:4-7, halafu 5:21-24. Wekeni pia gorogoro ya kikundi katikati yenu, kila mtu aione.

Amosi hakuwa kuhani wala msomi. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, huko Yuda. Karibu miaka 750 kabla ya Kristo, Mungu alimtuma kaskazini, kwa watu wa Israeli. Wakati huo wenye mali walikuwa wanastarehe: nyumba za mawe ya kuchongwa, vitanda vya pembe za ndovu, divai kwa mabakuli. Na Betheli watu walijaa wakitoa sadaka na kuimba.

Hapo ndipo pa kushangaza. Watu hawa hawakuwa wameacha kusali, na bado Amosi anasema wamemwacha Mungu. Kwa nini? Wachuuzi walingoja Sabato iishe haraka wafungue biashara. Kipimo cha nafaka walikipunguza, jiwe la kupimia fedha wakaliongeza uzito, makapi wakayauza kama ngano. Maskini alinunuliwa kwa bei ya viatu. Basi Mungu alizichukia sikukuu zao na nyimbo zao.

Walionywa. Katika sura ya 4, baada ya njaa, ukame, nzige na tauni, Mungu analalamika mara 5 kwamba hawakumrudia. Amasia, kuhani wa Betheli, alimfukuza Amosi arudi kwao. Mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuri waliiteka Samaria na watu wakachukuliwa uhamishoni.

Tusikosee hapa: si ati kila ukame ni adhabu ya dhambi ya fulani. Ayubu aliteseka bila kosa. Lakini dhuluma ina mavuno yake.

Niliwahi kutembelea kikundi cha akina mama wenye ghala la mahindi. Mikutano yote walifungua kwa sala. Wakati wa mavuno walinunua kwa gorogoro nzima. Mwezi wa njaa waliuza kwa ile iliyobonyezwa kitako. Mimi niliiona, nikanyamaza, nisiwaudhi viongozi. Mama mmoja mjane alipima tena nyumbani kwake. Hakusema neno, aliacha tu kuja. Akafuata wa pili, wa tatu. Mwishowe ghala lilibaki na mahindi, lakini kikundi hakuna. Kunyamaza kwangu kulisaidia kukiua.

Kumwacha Mungu huanza hivyo, kidogo kidogo, mahali pa kupimia. Na kumrudia kunaanzia papo hapo. Amosi anatuambia tutafute mema, tupate kuishi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kikundi chetu, "gorogoro iliyobonyezwa" ni gani? Ni kipimo, kitabu cha mweka hazina, au zamu za mkopo?
2. Nani ameacha kuja mikutanoni, na tumemwuliza sababu?
3. Nani kati yetu huogopa kusema, na tutamsaidiaje?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wasio viongozi wapime vipimo vyote vya kikundi. Kilichobonyea kitolewe. Aliyepunjwa arudishiwe. Kisha msali pamoja.