Kidole cha mguu kikivimba, pima na kiuno

Mtu akiamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba, kina joto, na hata shuka likikigusa anapiga kelele, majirani huwa na jibu moja: hilo ni jongo, acha nyama choma. Ushauri huo si mbaya, ila ni nusu ya habari.

Jongo huletwa na asidi ya yuriki. Mwili huitengeneza unapovunjavunja purini, ambazo zimo katika seli zetu wenyewe na katika vyakula kama maini, nyama nyekundu na omena. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hutolewa na figo kupitia mkojo. Ikizidi takriban mikromoli 400 kwa lita ya damu, inaweza kuganda kwenye viungo na kuwa chembe zenye ncha kama sindano.

Kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni figo kutoitoa ya kutosha. Hapo ndipo kiuno kinapoingia. Mafuta yakijaa tumboni, mwili hauitikii tena insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na insulini hiyo nyingi huzifanya figo kuzuia chumvi pamoja na asidi ya yuriki. Ndiyo sababu jongo, shinikizo la damu na kisukari mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja.

Soda nayo ina lake. Sukari aina ya fruktosi ikichakatwa kwenye ini huzalisha asidi ya yuriki, na ziada yake hugeuka mafuta. Kwa hiyo anayeacha nyama lakini anashushia kila mlo kwa soda, au kwa bia, asishangae maumivu yakirudi.

Madaktari husema mtu ana sindromu ya metaboli akipatikana na matatu kati ya haya matano: kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, shinikizo la 130/85 au zaidi, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula. Mafuta ya triglisaridi yaliyopanda. Na kolesteroli nzuri iliyoshuka. Asidi ya yuriki haimo katika orodha hiyo, lakini ikipanda ni sababu tosha ya kuyapima yote matano. Kiuno unaweza kujipima nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Shinikizo na sukari, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika kwenye zahanati.

Wengi hununua tembe za maumivu dukani na kuzimeza kwa miezi. Dawa kama diclofenac hutuliza uvimbe, lakini zikitumiwa ovyo zaweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo. Vilevile, baadhi ya dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, kama hydrochlorothiazide, hupandisha asidi ya yuriki. Usiziache kwa hiari yako. Mwambie daktari kwamba una jongo, naye ataona kama inafaa kukubadilishia.