Kuku Hataki Dawa: Namna ya Kushika Vipimo vya Shimi



Safari hii sisi wa kalasi ya mwisho hatutazungumza juu ya ufagio wala kimya cha usiku, maneno ambayo tunajua mmekwisha kuchoka nayo. Tunataka kuzungumza juu ya mililita.

Sababu ni hii. Katika interogasio iliyopita ya shimi, zaidi ya nusu ya kalasi yetu tulianguka, na sisi tunaoandika tulikuwa kati ya walioanguka. Swali lilikuwa rahisi: tafuta gramu za chumvi (NaCl) zinazohitajika kwa kutengeneza mL 250 za maji ya chumvi yenye mol 0,2 kwa kila lita. Kujua formula tulijua. Kujua ya kwamba moli moja ya chumvi iko g 58,5 tulijua vilevile. Lakini wengi tulichukua 250 tukazidisha kwa 0,2 tukapata moli 50, na mwishoni g 2925. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu: «Nani ataniingizia karibu kilo tatu za chumvi katika robo ya lita?» Kalasi nzima ikacheka, kisha ikanyamaza.

Jibu ni hili: mL 250 ni L 0,25. Mara 0,2 inatoa mol 0,05. Mara 58,5 inatoa g 2,925, kiasi kidogo tu katika kijiko. Tarakimu ni zilezile, koma tu ndiyo ilipotea. Kati yetu kuna mwenzetu ambaye mama yake anauza mihogo juu ya kumlipia masomo. Alikuwa ameshika somo zima, akapoteza pointi zote za swali lile kwa sababu ya koma. Katika Ekzame ya Serikali ni vibaya zaidi, kwani pale kuna majibu ya kuchagua, na mara nyingi jibu la mtu aliyekosa koma limewekwa pale linamngoja.

Basi, tushike ngazi. Tangu kubwa mpaka ndogo: kilo (k), hekto (h), deka (da), kipimo chenyewe, desi (d), senti (c), mili (m). Dada mmoja wa kalasi ya chini yetu alitutungia maneno haya: «Kuku hataki dawa, umpe dengu chache mno.» Angalieni herufi za kwanza: k, h, da, u, d, c, m. Ile u ni unité, maana yake kipimo chenyewe: mita, gramu ao lita. Kweli, dengu hazionekani sana sokoni kwetu, na wengine wanataka kutia neno lingine. Watie, mradi lianze na d, tena lisianze na da, kwa maana da ni ya dawa peke yake.

Kila ngazi unayoshuka, koma inakwenda mara moja kuume. Kila ngazi unayopanda, inakwenda mara moja kushoto. Ukisahau upande, fikiri hivi: kipimo kikiwa kidogo, hesabu inakuwa kubwa. Ukiteka maji kwa kikombe utahesabu mara nyingi. Ukiteka kwa bidoni utahesabu mara chache.

Kupita kilo na mili, ngazi inaacha kwenda moja moja, inaruka tatu tatu. Juu ya kilo kuna mega (M), ambayo ni milioni, kisha giga (G), miliari. Chini ya mili kuna mikro (µ), kisha nano (n), kisha piko (p). Hizi hatukupata maneno ya kuku juu yake. Tulizikariri tu kama jina la mtu.

Mjue pia majina yalitoka wapi, inasaidia kushika. Wakati Wafaransa walipofanya sheria ya vipimo mwaka wa 1795, walichukua maneno ya Kigiriki kwa vile vya kukuza (kilo, hekto, deka), na maneno ya Kilatini kwa vile vya kupunguza (desi, senti, mili). Kwa hiyo kilo na mili zote mbili asili yake ni elfu: moja inazidisha kwa elfu, nyingine inagawa kwa elfu. Na senti ni mia, kama vile sentimu mia zinavyofanya franki moja, hata kama sentimu hizo hatuzigusi.

Herufi kubwa na ndogo si mchezo. mg ni miligramu. Mg ni megagramu, ndiyo tani moja. Mgonjwa akiandikiwa Mg 500 badala ya mg 500, ameagizwa tani 500 za dawa!

Sasa mahali tunapoanguka sana: ujazo. m 1 ni cm 100, na wengi wanasema m³ 1 ni cm³ 100. Hapana. Ujazo una urefu, upana na kimo, kwa hiyo kila ngazi moja ni sifuri tatu. m³ 1 ni dm³ 1000, na dm³ 1 ndiyo lita 1. Tena cm³ 1 ni mL 1. Wale wa internati wanaifahamu kwa mgongo: bidoni moja ya njano ni lita 20, basi bidoni 50 ni m³ 1. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa karibu kg 1, m³ ile ni tani nzima. Anayesema m³ moja ni lita 100 anasema bidoni tano tu. Tungefurahi sana ingekuwa hivyo siku ya zamu ya maji.

Lakini hapa si mambo ya pointi tu. Kolera inajulikana katika inchi yetu, na maji yanatiwa klore. Ikiwa tumeambiwa kutia mg 2 za klore kwa kila lita, tangi la m³ 1 linataka mg 2000, ndiyo g 2. Aliyehesabu lita 100 atatia g 0,2, na watu watakunywa wakiamini maji yamesafishwa.

Namna tuliyofanya sisi: tulikata karatasi za kaye la zamani, mbele tukaandika swali, nyuma jibu, na wawili wawili tukaulizana minuti kumi kila jioni mbele ya kulala. Siku ya tatu ilichosha. Siku ya nane hakuna tena aliyehesabu kwa vidole. Na kila jibu tuliliuliza: je, kitu hiki kinaweza kuingia katika chombo kile?

Jaribuni haya: mL 35 ni lita ngapi? µg 750 ni mg ngapi? Tangi la m³ 0,4 linajazwa na bidoni ngapi za lita 20? Maji ya g 1 kwa cm³ ni kg ngapi kwa m³? Tutasahihisha pamoja Jumamosi saa tisa katika kalasi yetu. Kila mtu alete biki yake, maana za kuazima hazirudi.