Somo la Wiki: Kulipiza Kisasi au Kuacha?



Wiki hii tuna hadithi mbili. Katika kila moja yuko aliyekosewa. Mmoja anashikilia kisasi, mwingine anakiacha. Mnaposoma, angalieni kila mmoja anabaki na nini mwishoni.

Maneno ya somo

Kisasi: ubaya anaorudishiwa mtu kwa ubaya alioutenda. Husemwa kulipiza kisasi.
Kinyongo: chuki iliyowekwa moyoni kwa muda mrefu.
Dobi: mtu anayefua nguo za watu kwa malipo.
Ratili: kipimo cha uzito, karibu nusu kilo, ndiyo paundi ya madukani hapa Houston.

Kima na papa

Hadithi hii ni ya Unguja. Edward Steere aliiandika kama alivyosimuliwa, akaichapisha mwaka 1870. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya bahari, na kila siku alimrushia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa alimwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, papa akasema kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kima akajibu kwamba kima huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Papa akarudi. Kima akaruka, akapanda juu, akakaa kimya. Papa alipomwita tena, kima alimsimulia kisa cha punda wa dobi, ambaye aliponea kwa simba mara ya kwanza, akadanganywa kurudi, akaliwa.

Angalieni vizuri. Kima hakumtegea papa mtego wala hakumdhuru. Lakini pia hakurudi mgongoni mwake. Kuacha kisasi ni jambo moja, kumwamini tena aliyekusaliti ni jambo jingine.

Ratili moja ya nyama

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Ndani yake Shylock, Myahudi, ametukanwa na kutemewa mate na Antonio kwa muda mrefu. Antonio anapohitaji mkopo, wanaandikiana mkataba: asipolipa kwa wakati, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Deni linachelewa. Shylock anaahidiwa fedha mara mbili ya alizokopesha, anakataa. Anaombwa awe na huruma, anakataa. Ndipo Portia, aliyejifanya mwanasheria, anamwambia akate nyama, ila asimwage hata tone la damu. Shylock anashindwa. Ananyang'anywa mali na kulazimishwa kuacha dini yake.

Hapa pana swali gumu. Shylock alionewa kweli, na kinyongo kikampotezea kila kitu. Lakini wale waliomhubiria huruma, je, walimhurumia?

Kwa wazazi

Familia nyingi za Gulfton zimetoka mbali, nyingine zikikimbia vita. Mtoto akiuliza, "Kwa nini tusiwalipize waliotufukuza?" hana haja ya hotuba. Anahitaji mtu mzima anayekubali kwamba uchungu ule ni wa kweli. Hadithi inasaidia, kwa kuwa ni rahisi kuanza na hasira ya Shylock kabla ya kufikia ya kwetu.

Watoto, mkionewa kwenye basi la shule, kuacha kisasi si kunyamaza. Mwambieni mwalimu au mzazi. Kutafuta haki si kulipiza kisasi.

Maswali

1. Kwa nini kima alisimulia kisa cha punda badala ya kumtukana papa?
2. Kama ungekuwa Shylock, ungechukua fedha zile? Eleza.
3. Wahenga walisema "Dawa ya moto ni moto", na pia "Hasira hasara". Ipi inafaa hadithi ya kwanza? Ya pili je?

Kazi ya nyumbani

Mwombe babu, bibi au mzazi akusimulie hadithi moja ya kisasi kutoka kwao. Andika sentensi 5 kwa Kiswahili, kisha uje kutusimulia darasani.