Mafunzo Niliyopata Nikihariri Riwaya

1. Soma mswada wote kabla ya kushika kalamu. Koma iliyokosekana ukurasa wa tatu haina haraka. Huenda ukurasa wenyewe ukaondolewa. Katika usomaji wa kwanza natafuta mahali nilipochoka, nilipopotea na nilipotamani kuendelea. Hayo mwandishi anastahili kuyasikia kabla ya habari za tahajia.

2. Swali hufanya kazi zaidi kuliko sahihisho. Niliwahi kuhariri riwaya ambayo mama wa mhusika mkuu anatoweka baada ya sura ya nne, asitajwe tena. Ningeweza kupendekeza afe, asafiri au aolewe kwingine. Niliandika pembeni tu: "Mama yuko wapi?" Mwandishi alinyamaza wiki kadhaa, kisha akaleta sura ambayo mimi nisingeweza kuibuni: mama amekimbilia kwa dada yake Tanga kwa sababu ya deni alilomficha mwanawe. Deni hilo likawa mhimili wa kitabu.

Kwa hiyo naipenda sana kazi ya Tay Hohoff, mhariri wa shirika la Lippincott huko Marekani. Mwaka 1957 alipokea mswada wa Harper Lee, akaona uhai wake umo katika kumbukumbu za utotoni. Hakuziandika yeye. Alimrudisha Lee mezani tena na tena, hadi riwaya yake To Kill a Mockingbird ikatoka mwaka 1960.

3. Mhusika aachiwe ulimi wake. Hili ndilo tunalobishania zaidi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikipitisha vitabu vya shule kabla havijachapishwa. Mazoea hayo bado yamo mikononi mwa wahariri wengi: tukiona "ndia" tunaandika "njia" bila kuuliza. Lakini bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, akizungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari, msomaji wa Mombasa hatamwamini. Msimulizi na aseme kisanifu ikiwa mwandishi ataka hivyo. Bibi aseme Kimvita, lahaja ya Mombasa. La lazima ni uthabiti. Mimi na mwandishi huandika orodha: nani anasema lahaja ipi, neno gani litaandikwaje. Orodha hiyo hutufikisha hadi prufu ya mwisho.

4. Mwandishi akikataa pendekezo, namwomba sababu moja. Akiwa nayo, naliacha.

5. Kuwe na nakala moja tu inayofanyiwa kazi, na ijulikane iko kwa nani.

Nawe mwandishi unayejiandaa kupeleka mswada, ambatisha nusu ukurasa: kitabu unamwandikia nani, nini usingependa kiguswe, na wapi wewe mwenyewe una wasiwasi. Mhariri makini ataanza kazi yake hapo.